Nataka nyumba yangu ya maduka isomeshe watoto nikishakufa: niandike wasia au niweke wakfu?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina miaka 68, niko Unguja, nina mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, wote watu wazima. Nina nyumba ninayokaa (takriban milioni 45), nyumba nyingine yenye maduka matatu ya kupangisha (milioni 45 pia), na akiba ya milioni 9. Nataka kodi ya maduka yote iende madrasa ya mtaani kwetu baada ya kufa kwangu, lakini kwa sasa kodi hiyo ndiyo ninayoitegemea kwa kula. Nifanyeje, watoto wasije wakagombana?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mzee wangu. Nia yako ni njema na inatekelezeka, ila si kwa maduka yote matatu kwa njia unayoifikiria. Majibu haya yanafuata madhehebu ya Shafii. Ukiwa Ibadhi, mweleze kadhi mapema.

Unachokitaka, yaani ule kodi wewe hadi ufe kisha iende madrasa, kwa sheria ni wasia. Wakfu ni mali unayoifunga kwa ajili ya kheri, isiuzwe wala isirithiwe. Kwa Shafii mtu hawezi kujiwekea wakfu mwenyewe, na wakfu uliofungwa na kifo huhesabiwa kama wasia: unaweza kuubadilisha wakati wowote ukiwa hai, lakini haupiti thuluthi (sehemu moja ya tatu) ya mali. Ndilo jibu Mtume (s.a.w.) alilompa Saad bin Abi Waqqas: thuluthi, na thuluthi ni nyingi.

Wengi hupiga thuluthi ya mali yote, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kwanza hutoka gharama za mazishi, kisha madeni. Madeni si ya dukani tu: yamo mahari ambayo mkeo hajalipwa, zaka ya miaka uliyoacha, na Hija ikiwa ilikuwajibikia na hukwenda. Tuseme yote hayo na mazishi ni milioni 9. Kati ya milioni 99 zinabaki 90, thuluthi yake ni 30. Maduka matatu ni 45, kwa hiyo milioni 15, sawa na duka moja, ziko nje ya uwezo wako. Ziada hiyo haipiti mpaka warithi waikubali baada ya kifo chako. Ahadi wanayokupa sasa mezani haiwafungi. Na kila mrithi hukubali kwa fungu lake tu. Akikataa mmoja, fungu lake linatoka, na madrasa inabaki na kipande cha duka asichokitaka mpangaji yeyote.

Wakfu wa papo hapo ni kitu kingine. Ukiwa mzima, unaweza kuweka wakfu hata zaidi ya thuluthi, na mali inatoka mikononi mwako siku hiyo hiyo. Haimo tena kwenye mirathi na hairudi. Ila lazima uwe na afya. Ukiweka ukiwa katika maradhi yaliyokuua, inarudishwa kwenye thuluthi kama wasia.

Ushauri wangu: weka duka moja wakfu sasa, andika wasia wa la pili, la tatu uwaachie warithi. Hesabu inakaa: mali inayobaki ni milioni 84, ukitoa 9 ni 75, thuluthi ni 25, na duka la pili ni 15. Una nafasi ya milioni 10 endapo bei zitabadilika. Nawe unaendelea kula kodi ya maduka mawili. Kabla hujaijaza nafasi hiyo, jiulize kama una mjukuu aliyefiwa na baba yake. Ami zake wakiwepo hatapata urithi, na thuluthi ndiyo mlango wake pekee. Kwa moyo wangu wote ningemtanguliza huyo. Mrithi mwenyewe lakini usimwandikie wasia. Hauswihi mpaka wenzake waridhie.

Ardhi ya Zanzibar ni ya umma kwa sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992, kwa hiyo unachoweka wakfu ni jengo na haki yako ya matumizi. Hati ikiwa bado kwa jina la marehemu baba yako, maliza mirathi yake kwanza; huwezi kuweka wakfu kisichokuwa chako. Duka la wakfu liwe na mlango wake na mita yake ya umeme, na muandike nani analipa paa na choo cha pamoja. Wakfu nyingi zinakufa hapo: jengo linavuja, hakuna aliyepewa idhini ya kutengeneza, mpangaji anahama. Andika kwamba matengenezo yanatoka kwenye kodi kabla madrasa haijapewa chochote.

Tamko liwe wazi: “Nimeliweka wakfu duka hili kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi.” Taja madrasa kwa jina na mahali, si kwa jina la mwalimu wake, na utaje itakwenda wapi kodi madrasa ikifungwa. Taja msimamizi na wa kumrithi. “Watoto wangu wasimamie” ni mwanzo wa kesi. Weka mashahidi wawili waadilifu wasiofaidika. Kisha peleka hati kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, isajiliwe. Wasia uandike karatasi tofauti, nao uwe na tarehe na mashahidi wawili, na useme wazi kwamba unafuta wasia wowote wa nyuma. Nakala moja mpe mtu wa nje ya nyumba. Watoto wote watano waambie ukiwa hai, mkiwa mmekaa pamoja.