Siku ya kwanza saiti, taja jina lako

Wadogo zangu,

Kila mwezi wa kwanza, shule zikiwa zimefungwa, naletewa vijana wanne au watano wanaotafuta kazi ya upota, yaani kumbebea na kumchanganyia fundi vifaa saiti. Nawatambua kwa kofia. Jua bado halijachomoza, lakini kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Wanamkwepa shangazi anayeweza kupita barabarani, akaenda kusema nyumbani kwamba mtoto wa fulani, yule aliyemaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, ameonekana anabeba karai la zege.

Nami niliivaa kofia hiyo. Nilitoka Walukuba, Jinja, mwaka 2009, nikafikia kwa mjomba huku Kampala, na baada ya wiki mbili za kulala mchana nikaanza upota kwa shilingi 5,000 kwa siku. Sasa ni fundi, nasimamia saiti ndogo ndogo za nyumba za watu. Pota wangu wanapata kati ya 15,000 na 20,000, kutegemea kazi. Kuchanganya zege mtafundishwa na wenzenu kwa nusu siku, hilo halinisumbui. Nataka kuwaambia lile ambalo halifundishwi.

Ukifika saiti, taja jina lako. Litaje kwa foomani, yule msimamizi wa kazi, kwa fundi uliyepangwa naye, kwa mlinzi wa getini. Litaje lote, jina la ukoo pia, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Mwaka 2011 nilikuwa kwenye ghorofa moja upande wa Kira. Mkandarasi hakuwa anaita watu majina. “Pota, lete maji.” “Pota, panda.” Tukigeuka watatu kwa wakati mmoja tulikuwa tunacheka. Siku ya kumwaga slabu tulibeba zege tangu alfajiri hadi gari likawashwa taa kutumulikia. Jumamosi ya malipo tukamkuta foomani mgeni, yule wa kwanza amehamishiwa saiti nyingine. Akafungua daftari. Jumatatu: pota 9. Jumanne: pota 11. Jumatano: pota 8. Hakuna zaidi ya hayo. Na mbele yake tumesimama watu kumi na wanne. Akanitazama, akauliza kwa upole kabisa: “Wewe ni pota yupi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa namdai siku kumi na sita, kwa shilingi 6,000 kila siku. Shilingi 96,000 zilikuwa zimesimama kwenye ulimi wangu na hazikutoka. Tangu siku hiyo dharau naihesabu kwa shilingi. Watu husema ni maneno tu, yapuuze. Sawa, lakini mtu akishakuzoea kama tarakimu, hata kukulipa anakulipa kama tarakimu.

Sijamaliza, kuna sehemu inayoniuma zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefurahia kutoulizwa jina. Niliona ni salama. Nilijiambia hii ni kazi ya kupita, miezi miwili mitatu, kwa nini niache jina langu kwenye vumbi hili? Mkandarasi alinifuta, lakini mfutio nilimpa mimi. Nimewaona wengi wakifanya hivyohivyo: mwenye aibu haulizi bei kabla ya kuanza, haandiki siku zake, na akidhulumiwa anaondoka kimya, kwa sababu kudai ni kukiri mbele ya watu kwamba alikuwa pale.

Basi nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Andika tarehe, kazi uliyofanya, aliyekupa kazi hiyo, na bei mliyokubaliana. Jumamosi mpe foomani aweke saini. Akikuuliza unadhani wewe ni nani, cheka, mwambie una kichwa cha kusahau. Na uombe kulipwa kwa simu, kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya rafiki. Najua kutoa pesa kuna gharama: serikali inachukua asilimia 0.5 na bado ada iko palepale, inauma. Ila ule ujumbe unaobaki kwenye simu ni karatasi ambayo foomani hawezi kuichana.

Mtaniuliza aibu yenyewe ilitoka wapi. Anzeni shuleni kwenu. Ukichelewa, fyekeo. Ukizungumza lugha ya nyumbani darasani, fyekeo. Ukimjibu mwalimu, unapimiwa kipande cha nyasi nyuma ya choo ukifyeke mpaka saa ya chakula. Miaka kumi na tatu mtoto anafundishwa kwamba kazi ya mikono ni adhabu, kisha mzazi anamalizia nyumbani: “Usiposoma utabeba zege.” Nani ataubeba ujumbe huo miaka yote, halafu siku moja ashike beleshi kifua mbele?

Na kabla ya shule kulikuwa na mambo mengine. Wakati wa ukoloni Buganda ilijua kasanvu, kazi ya lazima ya serikali iliyokomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye jembe la kibarua likaachiwa watu waliotoka mbali: Rwanda, Burundi, West Nile. Babu yangu ni mmoja wao. Alitoka Arua, huko West Nile, kuja kukata miwa Kakira, akazalia Busoga, na baba akaishia Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi za enzi za bwawa la Owen Falls. Kule Walukuba Mlugbara, Msamia, Mnubi na Mganda walielewana kwa Kiswahili, lugha ya watu wanaofanya kazi pamoja. Kumbe Kampala ina maana nyingine. Siku yangu ya kwanza ndani ya teksi nilimuuliza kondakta nauli kwa Kiswahili, na mama wa kando yangu akavuta mkoba wake karibu. Hapa Kiswahili ni cha askari, cha wezi, cha wabeba mizigo. Rais Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, Katiba ikarekebishwa mwaka 2005 kiwe lugha rasmi ya pili, na bado yule mama anavuta mkoba. Hata neno la Kiganda la kufanya kibarua, okupakasa, masikioni mwangu ni ndugu kabisa wa pagazi wetu. Mzigo ulipita, jina likabaki.

Lakini msidhani Waganda, au sisi Waganda wa kuhamia, tunachukia kazi ya mikono popote ilipo. Tunachukia ikifanyika hapa. Mnajua kyeyo. Ni ufagio. Aliyekwenda London, Boston au Dubai kufanya kazi yoyote tunamwita nkuba kyeyo, mpiga ufagio, na jina hilo linatamkwa kwa heshima. Akirudi Desemba anachinjiwa mbuzi. Watu wanauza kiwanja mtoto apelekwe Uarabuni akafue nguo za wengine. Sasa amka saa kumi na moja asubuhi, pita barabara ya Jinja, uwaangalie akina mama wa KCCA, mamlaka ya jiji, waliovaa ovaroli, wanafagia ukingoni mwa lami huku magari yanawapulizia moshi usoni. Ufagio ni uleule. Hesabu ni wangapi wanaowasalimu.

Nilimwuliza mjomba tofauti ni nini. Akasema ni pesa. Sikukubali. Nakumbuka jirani yetu aliyekuwa akituma kidogo sana kutoka nje, na hadhi yake haikupungua hata inchi. Nafikiri ni kwa sababu ufagio wa mbali hatuuoni. Wa hapa tunauona, na tunamwona aliyeushika, na tunaogopa kesho unaweza kuwa wetu. Hayo ni mawazo yangu ya juu ya jukwaa la miti, mnaweza kuyakataa.

Tuje kwenye mambo ya kila siku, maana mtakutana nayo wiki hii hii. Mwenye nyumba atakuja Jumapili na rafiki zake, atapita katikati yenu akieleza “nilijenga hivi, hapa niliweka hivi”, na hatawaona. Iacheni. Mtavutana na mlinzi kuhusu choo: mmekijenga, mmekiwekea vigae, siku kikikamilika mnaambiwa nendeni kichakani. Hilo pia nimeacha kuligombania, ingawa kwenye saiti zangu natenga choo cha watu wa kazi tangu siku ya kuchimba msingi. Kupekuliwa getini jioni, mezeni. Ukigombana kwa kila kidogo, siku ya jambo kubwa hutasikilizwa.

Jambo kubwa ni lipi? Urefu. Ukiambiwa upande kwenye miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa misumari miwili, kataa, hata kama fundi atakuita mwanamke. Mfupa wa nyonga hauungwi kwa ushujaa. Na ukiumia kazini, sheria ya fidia ya wafanyakazi inamwangukia mwajiri, uwe wa mwezi au wa siku. Usikubali kupewa nauli ya bodaboda na dawa za maumivu ukarudi nyumbani kimya. Peleka habari kwa afisa wa kazi wa wilaya, ukiwa na lile daftari.

Jingine kubwa ni muda. Kanuni za ajira za mwaka 2011 hazikubali mtu awe kibarua zaidi ya miezi minne mfululizo kwa mwajiri mmoja. Baada ya hapo anastahili mkataba. Ndiyo maana wengine wanakusimamisha wiki ya kumi na tano, kisha wanakuita tena kama vile hamjawahi kuonana. Ukiliona hilo, usishangae, andika tarehe.

Kuhusu kima cha chini cha mshahara msitegemee chochote. Kilichopo kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa mwezi, nimesema. Leo hiyo ni sahani mbili tatu za posho, yaani ugali, na maharage. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakutia saini. Kwa hiyo bei yako ni ile utakayoitamka mwenyewe asubuhi kabla hujashika beleshi. Ndiyo sababu nasema mwenye kofia usoni atapunjwa.

Na msikae upotani. Chagua fundi mmoja anayenyoosha ukuta vizuri, uwe unampelekea matofali kabla hajaita. Muulize kwa nini amelowesha tofali, kwa nini timazi linaning'inia pale na si hapa. Mchana wakati wengine wanalala, omba mwiko wake upange kozi moja, yaani safu moja ya matofali, mahali ambapo plasta itafunika makosa. Mimi ilinichukua miaka mitatu. Mwaka 2016 nikaenda kutahiniwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, tuliyozoea kuiita DIT, kwa ujuzi nilioupata kazini. Mtihani ulikuwa wa vitendo: jenga kona, watazame. Karatasi ile haikunibadilisha mkono, ila wenye nyumba walianza kuniita bwana.

Nilipoanza kuitwa bwana ndipo nilipojikuta namwita mwenzangu pota. Nilijisikia kwa masikio yangu. Fundi anamdharau pota, pota anamdharau mama anayechota maji, wote tunamcheka msichana anayekuja kuomba kubeba matofali kama wanaume. Dharau nayo ina ghorofa.

Hapo niwamalizie habari ya Kira. Pale saiti palikuwa na mama aliyetupikia posho na maharage chini ya mabati mawili. Tulikuwa tunamfokea kwa maji ya maharage, tunamwita “we mama”, tunakula kwa mkopo na kuondoka bila asante. Yeye siku ya kwanza alikuwa ameniuliza: jina lako nani, na la baba, na umetoka wapi? Nilimjibu kwa kununa, kwa sababu bila jina hakuwa anampa mtu sahani ya deni. Jumamosi ile, aliposikia kelele, alikuja na daftari lake limejaa mafuta. Jina langu lilikuwa humo kwa siku kumi na nne kati ya zile kumi na sita, na mbele ya kila siku 1,500 ya chakula. Akamwambia foomani: “Huyu kama hakuwa hapa, posho yangu ilikuwa inaliwa na nani?” Nililipwa siku saba. Deni lake nililikata palepale, nikabaki na shilingi 21,000.

Jumatatu njooni saa moja kasoro na gambuti zenu, sina za kuazima. Daftari pia. Na kabla ya kuja kwangu, piteni kwanza kule kwenye moshi, kando ya rundo la kokoto. Mama wa posho wa saiti hii ni mtu mzima, mwambieni gyebale ko, yaani pole na kazi, subirini ajibu, kisha mumtajie majina yenu.