Dokta, opereshen ya kupunguza unene itanifaa kweli?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, urefu sentimita 162, kilo 118. Nina sukari natumia vidonge, magoti yananiuma, na mume wangu anasema nikilala nakoroma alafu pumzi inakata ghafla mpaka nashtuka. Diet nimefanya za kila aina, zinatoka kilo 10 zinarudi 15. Sasa nafikiria opereshen ila dada zangu wanasema ni njia ya wavivu. Alafu nikwambie ukweli, usiku watoto wakishalala huwa nakula kwa kujificha, hata njaa sina, nakula mpaka tumbo linauma. Na bado natamani mtoto mmoja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la uvivu wala lisikunyime usingizi. Mwili ukipungua uzito homoni ya njaa inapanda na matumizi ya nguvu yanashuka, yaani mwili wenyewe unapigania kilo zake zirudi, ndo maana umehangaika hivyo. Opereshen inagusa hapohapo. Ile ya slivu inatoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza sana hiyo homoni. Ya baipasi wanatenga kifuko kidogo sana juu wanakiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kinaruka njia ya kawaida.

Kwa vipimo unaruhusiwa, BMI yako (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu) ni 45. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka 40, au 35 kama una magonjwa kama sukari, na mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha mpaka 35 hata bila ugonjwa. Ila kuruhusiwa sio kufaa.

Mimi kilichonishika kwenye barua yako ni kule kula usiku. Hilo ndo la kwanza kumwambia daktari, kabla hata hajakupima, na usione aibu maana watu wengi sana wanalo na halikufungii mlango. Opereshen inapunguza mfuko, haigusi ile saa nyumba imetulia na wewe una mawazo yako. Ukishapasuliwa hutaweza kula sahani nzima, sawa, lakini soda, juisi, aiskrimu, biskuti mojamoja usiku kucha vinapita vizuri tu, na hapo ndo kilo zinaanza kurudi kimyakimya. Wengine faraja waliyokuwa wanaipata kwenye chakula wanaihamishia kwenye pombe, na baada ya upasuaji pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani. Kwahiyo tafuta mwanasaikolojia sasa hivi, sio baadaye, ukae naye mpaka ujue ile saa unachokitafuta ni nini.

Maisha ya baadaye yako hivi. Wiki za mwanzo ni vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha vijiko vichache vya chakula cha kawaida unavyotafuna mpaka vinalainika kabisa, na maji hunywi pamoja na chakula. Ukisahau ukala haraka tonge linakaa hapa katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni, unainuka mezani kwenda kutapika watu wanakuangalia. Kwa baipasi ukila vitamu sana unaweza kutoka jasho, moyo ukaenda mbio na ukaharisha. Vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni za maisha yako yote pamoja na kupima damu kila mwaka, na dawa za maumivu kama diklofenaki unaachana nazo hasa kwa baipasi maana zinaleta vidonda. Nywele hukatika miezi ya mwanzo ila zinarudi. Ngozi italegea.

Sukari yako inaweza kushuka ndani ya siku chache tu baada ya upasuaji, hata kabla kilo hazijatoka, kwahiyo vidonge vipunguzwe na daktari usijipunguzie mwenyewe. Hiyo pumzi inayokata pimwe kabla ya kulazwa, maana inahusu sana usalama wako kwenye dawa ya usingizi. Kama una kiungulia kikali sema, slivu huwa inakiongeza. Kufariki ni nadra, chini sana ya mtu 1 kati ya 100, lakini kuvuja kwenye mshono na damu kuganda vipo, ukiwa umesharudi nyumbani ukaona homa, moyo unaenda mbio au maumivu yanazidi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto subiri miezi 12 mpaka 18 baada ya upasuaji. Na hapa chunga sana, uzito ukipungua mimba inaweza kuingia kirahisi, na vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi sio vya kutegemea, tafuta njia nyingine.

Ulizia pia sindano za dawa ya kupunguza uzito inayoitwa semaglutide. Kwenye utafiti mkubwa zilipunguza kama asilimia 15 ya uzito, opereshen hufika 25 mpaka 30, ila sindano ukiacha kilo nyingi zinarudi.

Ukiniuliza mimi, naona inakufaa, ila usipange tarehe kabla hujaanza kulishughulikia hilo la usiku. Na muulize daktari wa upasuaji nani atakufuatilia baada ya miaka mitano, akisita tafuta mwingine.

SWALI: Dokta, mimi ni mwanaume, kilo 84, urefu sentimita 170, nataka opereshen hiyo hiyo kuondoa kitambi.

JIBU: Hapana ndugu yangu. BMI yako ni 29, hatari ya kupasuliwa ni kubwa kuliko faida utakayopata. Pima sukari, presha na mafuta kwenye damu, majibu yakitoka vibaya ongea na daktari kuhusu chakula, mazoezi na pengine dawa.