Kuezeka bati Mombasa: paa rahisi kufunga ndilo gumu kuvuja

Mtu akinijia kwa habari ya kuezeka, swali la kwanza huwa bei ya bati na la pili huwa rangi. La tatu halipo. Umbo la paa ameshaliamua zamani kwa picha aliyoiona kwenye simu: vilele vinne, mabonde sita (bonde ni pale pande mbili za paa zinapokutana kwa chini), na ukuta wa mbele umepandishwa ili bati lisionekane kabisa. Mimi kazi yangu ni kuchora mapaa na kusimamia mafundi wanaoyafunga, Likoni hadi Bamburi, na neno langu kubwa kwa mwenye kujenga ni hili: paa likiwa rahisi kufunga, huwa gumu kuvuja. Kila mahali ambapo fundi analazimika kukata bati, kuunga, kutoboa au kupaka silikoni, ndipo maji na chumvi yatakapoanzia. Kwa hiyo mengi huamuliwa kwenye karatasi, kabla ngazi haijaegemezwa ukutani.

Tuanze na chumvi, maana wengi huilaumu mvua bure. Mombasa hupata mvua ya milimita 1,000 na kidogo kwa mwaka, nyingi ikinyesha masika, Aprili hadi Juni. Kericho hunyesha zaidi ya hapo na bati la kule linadumu. La kwetu humalizwa na hewa ya bahari. Mawimbi yakivunjika kwenye mwamba, matone madogo ya maji ya chumvi hupeperushwa na upepo hadi nchi kavu, yakatua juu ya paa na chini yake pia. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua bati hubaki na umajimaji usiouona kwa macho. Juu ya paa mvua huja ikaosha. Chini ya upenu haifiki, na ndiyo maana ukitaka kujua hali ya bati la nyumba iliyo karibu na bahari usipande juu. Simama barazani uangalie chini ya mchirizi, kwenye ncha za bati na vichwa vya misumari.

Bibi mmoja wa Mtongwe aliniuliza, "Mwanangu, kati ya nyekundu na kijani, ipi haishiki kutu?" Nikamwambia, "Bibi, rangi ni kanzu tu. Tuangalie kilicho ndani ya kanzu." Chini ya rangi kuna tabaka la madini linalokinga chuma. Bati la zinki tupu ni la zamani. Zinki hujitoa mhanga, ikaliwa yenyewe kabla ya chuma, na karibu na bahari huliwa upesi. Aluzinki ni mchanganyiko ambao asilimia 55 ni alumini na iliyobaki karibu yote ni zinki, na mbele ya chumvi hustahimili zaidi. Uzito wa tabaka huandikwa kwa herufi AZ na nambari: AZ150 maana yake gramu 150 kwa mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Kuna mabati sokoni yenye AZ ndogo kuliko hiyo, yana rangi nzuri vilevile, na bei yake inavutia. Uliza nambari. Muuzaji asiyeijua muombe karatasi ya kiwanda, na akikosa hiyo, nenda duka jingine.

Geji nayo ina mtego wake, kwa sababu nambari ikipanda bati linapungua unene. Geji 30 ni karibu milimita 0.3, geji 28 inakaribia 0.4. Kwa nyumba ya kuishi hapa pwani mimi situmii bati jembamba kuliko la geji 28 isipokuwa mfuko umekataa kabisa, na hapo husogeza pau, zile mbao zinazopigiliwa bati, zikaribiane. Ukiwa umejenga ufuoni hasa, unasikia mawimbi kitandani, fikiria bati la alumini tupu. Ni ghali na ni laini, lakini halina chuma ndani cha kushika kutu nyekundu. Na kabla ya kufurahia waranti ya miaka mingi, soma maandishi madogo. Mara nyingi nyumba zilizo karibu sana na bahari huwa zimetolewa humo.

Sasa umbo. Paa la pande mbili na kilele kimoja kilichonyooka halina bonde hata moja. Mabati yote ni urefu mmoja. Chukua nyumba ya mita 9 kwa 12, kilele kikifuata ule urefu wa 12, upenu sentimita 60 kila upande. Nusu ya upana pamoja na upenu ni mita 5.1. Kwa mteremko wa nyuzi 15, yaani kupanda kama sentimita 27 kwa kila mita, bati linalofika kileleni ni la mita 5.3 hivi, likiwa limeingia sentimita 5 ndani ya gata, yaani mfereji wa maji ya mvua, na kuachia nafasi kidogo chini ya kofia, lile bati linalofunika kilele. Kwa urefu wa paa, mita 13.2, bati lenye upana wa kufunika wa sentimita 90 litahitajika 15 kila upande. Mabati 30, yote sawa, yaliyokatwa kiwandani, hakuna kiungo katikati. Mafundi wanaoijua kazi humaliza kufunga kitu kama hicho haraka, na mabaki yake hayafiki kujaza mkokoteni. Hesabu hiyo ifanye kwa upana wa kufunika, si upana wa bati zima. Migongo inayolaliana inakula sehemu yake, na wengi hupungukiwa mabati hapo.

Paa hilohilo likitiwa vibanda vya mapambo na mabonde, kila bati la pembeni mwa bonde linakatwa mshazari, na ncha iliyokatwa ni chuma kitupu. Halafu maji ya pande mbili yanakutana kwenye mfereji mmoja mwembamba, yakiandamana na majani ya mwarobaini. Mitaa yetu imejaa mwarobaini, nao hupukutisha majani kupita mti wowote niujuao. Majani yakirundika bondeni yanashika maji, maji yanashika chumvi, na kunguru wetu wakileta vijiti na mifupa juu yake, bonde limekuwa jaa. Usipoweza kuepuka bonde, lifanye pana, la bati nene kuliko la paa, lenye kingo zilizokunjwa juu kidogo ili maji yasivuke pembeni.

Ukuta wa kuficha paa ndio siupendi waziwazi, na nimeshapoteza wateja kwa kusema hivyo. Najua unapendeza. Lakini ukishazungusha ukuta, gata inabidi iwe ndani ya nyumba, juu ya dari yako. Gata ya nje ikiziba, maji yanamwagika uani. Ya ndani ikiziba, yanamwagikia kitanda. Halafu panahitajika flashingi, yaani ukanda wa bati wa kuzuia maji, kati ya bati na ukuta, na hapo mafundi wengi husakafia tu kwa saruji. Saruji hupasuka kwa sababu bati linacheza na jua: chuma cha mita 10 kikipata tofauti ya joto ya nyuzi 50 za Selsiasi hurefuka kama milimita 6. Tena saruji mbichi hula alumini na zinki. Kama umeng'ang'ania ukuta, basi flashingi iingizwe kwenye mkato ndani ya ukuta na ijazwe kwa gundi inayonyumbuka, gata iwe pana kiasi cha mtu kuweka mguu akisafisha, na iwe na tundu la dharura linalotokeza nje ya ukuta. Maji yakionekana yanatoka pale, unajua kuna kuziba kabla dari haijajua.

Upepo uuheshimu pia. Masika ikinyesha, kusi huwa imeanza, kwa hiyo mvua nzito kwetu huja ikisukumwa kutoka upande wa kusini. Ndiyo sababu huwaambia mafundi waanze kupanga mabati kutoka mwisho wa kaskazini kuelekea kusini, kila bati jipya likilalia lililotangulia, ili ukingo ulio wazi uupe upepo mgongo. Haiongezi gharama hata shilingi moja. Kileleni, chini ya kofia, sehemu bapa ya bati ikunjwe juu kwa koleo, na chini ya kofia itiwe sponji iliyokatwa kwa umbo la migongo. Paa likiwa limelala sana, mkunjo huo ndio unaozuia maji yasisukumwe na upepo hadi ndani.

Upepo haupigi paa lote sawasawa. Unavuta zaidi pembeni, mchirizini na kwenye pembe, na baraza iliyo wazi inasukumwa kutoka chini pia. Kwa hiyo skrubu ziwe kila mgongo kwenye pau ya kwanza, ya mwisho na pembezoni. Katikati unaweza kuruka mgongo. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, nazo zifungwe kwenye boriti ya zege kwa ukanda wa chuma ulioachwa ukitokeza wakati wa kumwaga zege. Paa likiruka, mara nyingi bati halikuachana na mbao. Vimeruka vyote pamoja.

Na skrubu iwe skrubu, msumari tuuache. Msumari huchomoka polepole bati linapotanuka na kusinyaa, tundu likalegea. Skrubu yenye washa ya mpira hushika, mradi fundi asiikaze hadi mpira ukachomoza pembeni. Mpira uliobanwa sana hupasuka kwa jua. Nunua skrubu zilizokusudiwa hewa ya bahari. Nimeona mabati mazuri kabisa yenye michirizi ya kutu chini ya kila tundu, kwa sababu mwenye nyumba alibana pesa kwenye skrubu. Zipigwe kwa uzi ulionyooka, ili kila moja iipate pau. Iliyokosa ubao ni tundu tu juu ya kichwa chako.

Kabla ya bati la kwanza, pima mishazari miwili ya kila upande wa paa. Isipolingana, mraba umepotea, na ukianza kufunga hivyohivyo mchirizi utatoka kama meno ya msumeno. Fundi mzuri hukasirika ukimkumbusha hili, mkumbushe tu. Kazi ifanywe asubuhi. Mchana upepo wa baharini ukishachangamka, bati la mita tano mikononi mwa mtu aliye juu ya kenchi ni tanga, na hapo si bati tu linaloweza kupotea.

Mabati yaletwe karibu na siku ya kufunga. Yakirundikwa uani yakapata maji katikati yake, hutoka madoa meupe ya unga, na tabaka la kukinga limeanza kuliwa hata kabla ya kazi. Yainuliwe kutoka chini, yainamishwe upande mmoja, na turubai lisibanwe hadi hewa ikakosa njia.

Grainda ipigwe marufuku juu ya paa. Cheche zake huunguza rangi na tabaka, na vumbi la chuma hubaki juu ya bati. Kufika kesho yake, vidoa vya kahawia kila mahali. Mkasi wa bati unatosha. Vumbi la drili nalo lifagiliwe siku ileile.

Shaba pia iwekwe mbali. Maji yaliyopita kwenye bomba la shaba la mashine ya kupoza hewa yakidondokea bati, yanalitoboa mahali palepale. Yape mpira uyateremshe hadi chini. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zikauke vizuri kwanza, na bati lisizilalie zikiwa mbichi.

Kuhusu joto nitasema kidogo tu: chagua rangi iliyofifia na uache matundu ya hewa upenuni na kwenye kuta za pembetatu, yenye wavu wa kuzuia popo. Mengine ni kazi ya dari.

Maji nayo usiyaache yapotee, kwa mji huu wenye visima vingi vya maji ya chumvi. Paa la mfano wetu limefunika mita mraba 134 hivi za ardhi, na milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Mvua ya milimita 30 inakaribia lita 4,000 kabla ya kutoa kinachopotea. Gata za plastiki hazishiki kutu, nazo huziwekea mteremko mdogo kuelekea tanki. Maji ya mwanzo yamwage, hasa baada ya kiangazi, kwa sababu ya uchafu wa kunguru.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho, leta mpira wa maji. Mtu mmoja awe ndani juu ya dari na tochi, mwingine juu amwagie paa. Aanze mchirizini, akae pale dakika kadhaa, ndipo apande kidogo kidogo mpaka kwenye kofia. Akianzia juu, maji yatateremka paa zima na hamtajua ni kiungo kipi kilichoyapitisha.