Mikaratusi ukingoni mwa Tana haitarudisha mvua

Swali: Tunalima karibu na Garsen, kando ya mto Tana, Kenya. Ukame ulikausha mahindi misimu mingi, kisha mafuriko yakasomba migomba na kipande cha shamba. Tunaambiwa chanzo ni miti tuliyokata wenyewe. Sasa kuna mtu anayetuuzia miche ya mikaratusi tupande ukingoni. Anadai baada ya miaka mitatu mvua itarudi ilivyokuwa na mto utatulia. Tununue?

Jibu: Msinunue.

Swali hili huletwa kila baada ya mafuriko, na kila mara limebeba kosa lile lile: kwamba mvua ya kijiji hutengenezwa na miti ya kijiji, hivyo anayeteseka ndiye aliyejiletea. Si kweli, na inaniudhi kuona mkulima aliyepoteza shamba akibebeshwa lawama ili auziwe miche.

Unyevu wa mvua zenu hutoka hasa Bahari ya Hindi. Maji ya bahari upande wa Afrika Mashariki yakiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukapoa, vuli huwa nzito. Hali hiyo ikigeuka, na La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki karibu na ikweta, ikawapo, vuli hukauka. Ndiyo maana misimu mitano ilikosa mvua mfululizo kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, kisha mwishoni mwa 2023 El Niño, yaani kupata joto kwa maji hayo ya Pasifiki, ikakutana na Bahari ya Hindi yenye joto na Tana ikafurika. Masika ya 2024 yakaja juu ya ardhi ambayo tayari imeshiba maji.

Mizunguko hiyo ni ya kale. Wazee wenu wanaikumbuka gharika ya 1961. Kipya ni joto linaloikoleza. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za kaboni dioksidi katika kila milioni. Sasa zimepita 420, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imetokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ukataji wa misitu umechangia pia, lakini ni misitu ya dunia nzima kwa jumla, si mikoko michache iliyokatwa kujengea nyumba. Kila joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, ukashuka kwa kishindo. Joto hilo hilo hunyonya maji udongoni mvua zinapokosekana. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, walikadiria kwamba ongezeko la joto linalosababishwa na binadamu liliufanya ukame ule wa Pembe ya Afrika uwezekane angalau mara 100 zaidi, na kwamba liliongeza uzito wa mvua za mwishoni mwa 2023 hadi maradufu. Hakuna mche utakaoibadilisha hesabu hiyo kutoka Garsen katika miaka mitatu.

Miti ina kazi nyingine, nayo ni kubwa: kushika udongo. Hapo mkaratusi ndio chaguo baya. Hunywa maji mengi, na chini yake majani hayastawi vizuri, hivyo udongo wa juu hubaki wazi. Ukiwa mrefu juu ya ukingo wa mchanga, maji yanapochimba chini yake huanguka na bonge zima la ardhi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Anayewauzia leo awaeleze kwa nini agizo lile lilitolewa.

Anzeni chini ya ukingo, maji yanapopungua baada ya masika, wakati udongo bado una unyevu na mizizi ina miezi kadhaa kabla ya vuli. Karibu na maji pandeni matete. Juu yake wekeni safu za nyasi za vetiva, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, safu zikate mteremko kwa usawa, na tofauti ya kimo kutoka safu moja hadi nyingine iwe takriban mita 1. Juu kabisa wekeni mikindu na mikuyu. Mkuyu huota kwa vipande vya tawi: kateni tawi la mita 1.5 hadi 2, fukieni theluthi moja, na mzungushie miiba dhidi ya mifugo. Msilime mpaka ukingoni. Kwenye kona ya nje, pale mto unapokata kila mwaka, hakuna mmea utakaouzuia. Hapo hamisheni migomba ndani na muache ukanda mpana. Anayeahidi vinginevyo hajui mto wa tambarare unavyohama.

Kuhusu mabwawa: mengi husemwa kwamba mafuriko ni maji "yaliyofunguliwa". Bwawa la Masinga, huko juu ya Tana, likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, na maji ya ziada hupita yenyewe kwenye njia ya kumwaga. Tangazo kwamba linakaribia kimo hicho ni onyo lenu. Fuatilieni pia kipimo cha maji ya Tana pale Garissa. Wimbi la mafuriko huchukua siku kadhaa kufika kwenu, muda wa kutosha kuhamisha pampu, mbegu na wazee. Walio chini zaidi, Ozi na Kipini, wana shida ya chumvi: mto ukipungua, maji ya bahari huingia mtoni. Wapime maji kabla ya kumwagilia. Chini ya desisimensi 0.7 kwa mita (kipimo cha chumvi katika maji) ni salama. Yakizidi 3, mimea mingi itaungua, na hakuna dawa ya chupa inayoondoa chumvi mtoni.

Sasa hili linawahusu wote wa bonde. Mathenge nao uliletwa Bura miaka ya 1980 kama mti wa kuokoa ardhi kavu. Leo umeziba malisho na njia za mifugo. Mti wa kigeni unaoahidiwa kutibu kila kitu uulizwe kwanza utang'olewaje ukishindikana. Mwuzaji akiongeza karatasi za "kaboni", yaani mkataba wa kuuza kaboni inayohifadhiwa na miti yenu, msiweke sahihi wala kidole gumba. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya, kama ilivyorekebishwa 2023, inadai mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Karatasi isiyotaja kiwango hicho, muda wa mradi na nani atasimamia fedha, mrudishieni bila sahihi, kisha mpelekeeni nakala yake ofisa wa mazingira wa kaunti kabla mwuzaji hajafika kijiji cha pili.