"Hili si la kuombea, ni hesabu tu"

Ndugu yangu, umeuliza kama lile neno la Mithali 3:5, la kutozitegemea akili zetu wenyewe, lina maana tuache kupanga na kupiga hesabu, hasa kwenye mambo ya kila siku. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Mimi hununua mpunga Mbarali wakati wa mavuno, nauweka ghalani, nakoboa bei ikichangamka. Msimu wa kwanza sikujua kitu, kwa hiyo kila hatua niliipigia magoti: ninunue kwa nani, kiasi gani, niweke wapi. Niliwasumbua wazee wa soko kwa maswali, na sikutoa hela kabla jambo halijalala usiku mmoja. Nikapata faida nzuri. Msimu wa pili nikawa mjuzi.

Kulikuwa na mtu ana magunia 60, na dalali ananihimiza kwamba mteja mwingine yuko njiani. Mke wangu akanipigia simu: "Umeliombea?" Nikamjibu, "Mama, hili si la kuombea, ni hesabu tu." Mkopo wa kikundi ulikuwa tayari mfukoni. Nikafungua magunia ya juu, nikatafuna punje, nikazikuta kavu, nikalipa. Hata bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa punje za ndani, sikuazima. Wiki ya tatu ghala likaanza kutoa fukuto na harufu. Yale ya chini yalikuwa na mpunga mbichi. Mashineni zikatoka chenga, tena zimebadilika rangi. Marejesho ya kila wiki hayakunisubiri; tukauza ng'ombe wawili ambao mke wangu aliwalea tangu wakiwa ndama.

Miezi hiyo ndiyo nilisoma Yoshua 9 nikasimama. Wagibeoni walikuja na mikate iliyokauka na kuota ukungu, na viatu vya viraka, wakidai wametoka nchi ya mbali. Watu wa Israeli hawakuwa wazembe, walivikagua vile vyakula. Ila hawakutaka shauri kwa Bwana, wakafanya nao agano na kuwaapia kwamba watawaacha hai. Baada ya siku tatu wakajua kumbe ni majirani, na kiapo kilikuwa kimeshatoka kinywani, hakirudi. Nililia, maana na mimi nilikagua. Nilikagua kile nilichowekewa mbele.

Kisha soma 2 Samweli 5. Daudi anawapiga Wafilisti baada ya kumwuliza Mungu. Wanarudi tena bonde lilelile la Refaimu. Mtu yeyote angesema njia tunaijua, twendeni. Daudi akauliza upya, na safari hii akaambiwa asipande, azunguke nyuma yao. Adui yuleyule, bonde lilelile, jibu tofauti! Hapo ndipo nilipoanguka mimi: faida ya msimu wa kwanza niliihesabu kuwa akili yangu.

Kwa hiyo hapana, usiache kupanga. Mimi sikusikia sauti msimu ule wa kwanza, wala sikuota ndoto. Kuomba kulinipunguza kasi, kukanifanya niulize watu, na swali la mke wangu naamini lilikuwa la Mungu mwenyewe, ila nililizima kwa sekunde mbili. Yakobo 1:5 anasema aombe yule aliyepungukiwa na hekima. Mtu anayejiona hajapungukiwa ataomba nini?

Siku hizi jambo lolote la hela au la watoto tunaliombea wawili kwanza, halafu tunalilaza. Dalali akisema mteja mwingine yuko njiani, namwambia ampe yeye. Juzi niliachia magunia 20 kwa namna hiyo, na mpaka leo sijui kama yalikuwa mazuri au mabaya. Sijamwuliza mtu. Asubuhi ile nilikunywa chai na mke wangu, nikaenda shambani nikiwa na amani.