Kilima cha ngome ya Cardiff si cha asili
Je, kilima kilicho ndani ya ngome ya Cardiff kilikuwepo kabla ya ngome kujengwa? Hapana, hakikuwepo. Kile kilima cha Cardiff, Wales, kilirundikwa na Wanormani (wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa) mwishoni mwa karne ya 11 ndani ya kuta za boma la zamani la Warumi. Udongo ulichimbwa hapohapo kukizunguka, na shimo lililobaki ndilo handaki la maji. Mwanzoni juu yake palikuwa na ngome ya mbao. Magofu ya mawe yenye pande 12 yanayoonekana juu yake leo ni ya karne ya 12. Maji ndiyo yanayodanganya watu wakadhani handaki limekuwa hivyo tangu mwanzo: handaki lilifukiwa karne ya 18 kupendezesha bustani (uharibifu mtupu, kwa maoni yangu), likachimbwa upya karne ya 19. Mahali ni palepale, lakini halijakaa na maji miaka yote hiyo.