Taa za LED nyuma ya TV: USB inatosha?

USB ya TV inatosha kuziwasha, ndugu, ila kwa ukanda wa taa wa volti 5 tu, tena mfupi. Tundu la USB 2.0 limepangiwa ampea 0.5, yaani wati 2.5. Fremu ya inchi 55 kuizunguka yote ni karibu mita 4, na hapo ndipo mambo huharibika: taa za mwisho zinafifia, nyeupe inageuka rangi ya chungwa, au TV inakata umeme wa USB kabisa. Chomeka kwenye chaja ya simu ya ampea 2 au zaidi, soma kwanza kilichoandikwa kwenye ukanda. Ule wa volti 12 hautawaka vizuri kwa USB, unataka adapta yake.

Natengeneza TV hapa Kampala, na nyingi ninazoletewa kwa sababu ya "taa zimeunguza" kosa lake ni gundi iliyoziba matundu ya hewa. Usibandike hapo.

Kwa macho, nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) inapumzisha kuliko hizo za disko. TV nyingine hata ukiizima USB inabaki na umeme, taa zinakesha.